Kipasuasanda Hakumuua Mtu

Kila mwaka katika jarida letu tunasoma makala kuhusu nidhamu, dawa za kulevya, mitihani na umuhimu wa lugha yetu. Hayo ni mambo mazuri na sina ubishi nayo. Lakini mwaka huu nimeomba nafasi nimtetee mshtakiwa ambaye hawezi kujitetea, kwani hana Kiswahili wala Kiingereza, ana mlio tu. Mshtakiwa huyo ni ndege. Na kabla sijaanza kumtetea, ni lazima niseme ukweli: mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliomuua.

Tunaishi mwisho wa Kayole, upande unaotazama Njiru. Wenzangu wanaotoka huko wanajua nazungumzia wapi. Nyumba zikiisha kuna machimbo ya mawe, mengine yameachwa, na kando yake kuna uwanja wa nyasi kavu, changarawe na vichaka vya miiba. Mchana watoto hucheza mpira hapo, na wenye ng'ombe hupitisha mifugo yao. Usiku hakuna mtu. Taa za mtaa haziufikii uwanja huo, na ukisimama mlangoni kwetu unaona giza tupu.

Ploti yetu ina vyumba 12. Chumba kilichopakana na chetu alikuwa akiishi mzee mmoja fundi wa viatu. Ukuta wetu na wake ulikuwa mmoja, kwa hivyo tulijua akipika nini na redio yake ikiwa stesheni gani. Mzee huyu alinishonea viatu vya shule tangu nikiwa shule ya msingi. Mara nyingi nilikuwa sina pesa, naye alikuwa akisema, "Vaa uende shule kijana, utalipa mkipata." Sijui kama tulimlipa zote.

Mwaka jana, muhula wa pili, mzee alianza kukohoa. Ilikuwa Julai, na Julai ya Nairobi kila mtu hukohoa, basi watu wakasema ni baridi. Agosti ikaisha, mzee bado anakohoa. Septemba akawa amekonda mpaka koti lake likaonekana kama limetundikwa kwenye msumari. Usiku tulimsikia akiamka kubadilisha shati kwa sababu ya jasho. Mama alimwambia mara mbili aende hospitali, naye akajibu kwamba hospitali ni foleni na kazi itamngoja nani.

Ni katika usiku kama huo ndipo tulipomsikia ndege. Alikuwa akilia huko uwanjani, si wimbo kama wa ndege wa asubuhi, bali mlio mrefu usio na pumzi, trrrrrrrrr, kama mtu anayepasua kitambaa kirefu polepole. Akinyamaza kidogo, anaanza tena. Mzee akikohoa huku, yule analia kule.

Katika ploti yetu kuna mama mmoja aliyezaliwa Pwani, anayeuza mahamri na viazi karai pale steji. Ndiye aliyempa ndege jina. "Huyo ni kipasuasanda," alisema. "Kwetu akilia karibu na nyumba yenye mgonjwa, watu wanaanza kutafuta bafta." Kwa wale wasiojua, sanda ni ile nguo nyeupe ya kumvika maiti, na bafta ndiyo kitambaa chake. Mlio wa ndege unafanana na sauti ya bafta ikipasuliwa, ndiyo maana akaitwa hivyo. Majirani wengine ambao si wa Pwani nao wakasema hata kwao kuna ndege wa namna hiyo wa usiku, na hakuna aliyesema ni ndege wa heri. Ploti yetu ina makabila sita au saba. Kuhusu siasa hawakubaliani, kuhusu maji hawakubaliani, lakini usiku ule wote walikubaliana.

Basi kukafanywa mchango. Kila chumba shilingi 200 za kumlipa bwana mmoja aliyesema anaweza kumfunga ndege huyo asilie tena. Jumla ni shilingi 2,400. Bwana akaja, akamwaga vitu vyake mlangoni pa mzee, akapokea pesa, akaenda. Usiku uleule ndege akalia. Ndipo watu wazima wakasema, wacha vijana wamalize kazi.

Tulikuwa watano. Jumamosi jioni, giza lilipoanza kuingia, tukaenda uwanjani na mawe na tochi mbili. Nilikuwa naogopa lakini sikutaka ionekane. Tulipofika karibu na machimbo, ndege akaruka ghafla kutoka chini, karibu na miguu yetu, akaanguka mbele kidogo. Bawa lake moja lilikuwa likiburuta chini. Akajaribu kuruka, akaanguka tena.

"Maze, bawa imevunjika!" mmoja wetu akapiga kelele. "Ile dawa imefanya kazi!"

Tukamfuata. Tukikaribia, anajiburuta hatua chache mbele, kisha anaanguka na kupigapiga mabawa. Tukikaribia tena, anasogea tena. Mara ya tatu nikarusha jiwe. Wenzangu pia walirusha, lakini jiwe langu ndilo lililompata.

Nilimwokota mimi. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, kama daftari moja tu. Manyoya yake yalikuwa rangi ya majani makavu na mchanga, yenye vidoadoa. Miguu ilikuwa midogo sana. Mdomo kwa nje ulikuwa mdogo pia, lakini ulipofunguka ulikuwa mpana mpaka chini ya macho, na pembeni una nywele ngumu kama sharubu. Tulimpeleka kwenye ploti, akamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa. Watu walinipongeza. Mzee mwenyewe alitoka mlangoni akatazama moto, akanishika bega. Hakusema kitu kwa sababu kikohozi kilimzuia.

Kesho yake asubuhi nilirudi uwanjani kutafuta patipati yangu iliyokuwa imekatika usiku. Pale tulipomshtua ndege kwanza nikaona mayai mawili. Hayakuwa ndani ya kiota. Yalikuwa chini kabisa, juu ya changarawe, yenye madoadoa, na kama singeinama ningeyakanyaga. Niliyagusa. Yalikuwa baridi.

Sikuelewa wakati ule, lakini niliona vibaya, na sikumwambia mtu.

Ndege alikuwa amekufa. Usiku ukawa kimya. Na mzee akaendelea kukohoa vilevile. Wiki ya pili akatema damu. Ndipo watoto wake walipomchukua kwa nguvu wakampeleka hospitali ya serikali, na daktari akasema ni TB, yaani kifua kikuu, na imemla sana. Mzee alifariki siku 19 baada ya sisi kumchoma ndege. Daktari aliwaambia watoto wake kwamba angeletwa miezi miwili mapema, pengine angepona. Hakuuliza lolote kuhusu ndege.

Sasa, ndugu msomaji, naomba tufikirie pamoja kama watu waliosoma. Ikiwa kipasuasanda ndiye aliyekuwa akimwita mzee, basi baada ya kipasuasanda kufa nani alimwita? Tulimaliza mwitaji, mbona mwitwa akaenda? Nimeuliza swali hili kwa watu wengi katika ploti yetu na sijapata jibu. Mmoja aliniambia labda tulichelewa kumuua. Ni kweli tulichelewa, lakini si kumuua ndege. Tulichelewa kwenda hospitali.

Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Mimi niliamua kumjua ndege huyu. Nilimweleza mwalimu wetu wa Bayolojia habari ya bawa na mayai. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mlipomfuata, aliwapeleka upande gani?" Nikafikiri. Alikuwa akitupeleka mbali na mayai. Mwalimu akanieleza kwamba bawa halikuwa limevunjika hata kidogo. Ndege wa jamii hii hujifanya ameumia ili adui amfuate yeye aache mayai au vifaranga. Adui akishafika mbali, ndege huruka mzima akaenda zake. Sisi tulidhani ni dawa imefanya kazi, kumbe ni mzazi alikuwa anajitoa kwa ajili ya watoto wake. Angetaka kujiokoa angeruka tangu mwanzo. Majuto ni mjukuu.

Baadaye, wakati wa likizo, nilikwenda Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi, kwenye ukumbi wa ndege waliokaushwa, na nikawaona jamaa zake. Niliwajua mara moja kwa rangi yao ya majani makavu. Nilisoma pia katika vitabu vya maktaba. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, vipasuasanda si mmoja. Dunia nzima wako aina karibu 100, na Kenya ina aina kadhaa, wengi wao wakipenda mahali pakavu penye vichaka na nafasi ya wazi, kama uwanja wetu wa Njiru. Kwa Kiswahili wana jina jingine pia, kirukanjia, kwa sababu usiku hupenda kukaa njiani na kuruka mtu anapokaribia. Jina hilo watu wamelifanya tusi la kuwatukana wanawake, kwa hivyo ndege maskini ana majina mawili, moja la kifo na jingine la aibu, na yote mawili amepewa na sisi.

Pili, chakula chake ni wadudu tu. Mchana hulala chini au juu ya tawi, haonekani kwa ile rangi yake. Jua likizama, na tena kabla ya mapambazuko, huruka akiwa amefungua ule mdomo mpana na kukamata nondo, mbawakawa na kumbikumbi hewani. Usiku wa mbalamwezi hufanya kazi zaidi kwa sababu anaona vizuri. Macho yake yakimulikwa na taa hung'aa mekundu kama kaa la moto, na hilo pia limewatisha wengi. Lakini hata macho ya paka hung'aa, na hakuna anayechoma paka wake. Fikiria pia kwamba baadhi ya nondo hao ndio wazazi wa viwavi wanaokula mahindi yetu shambani. Anayewapunguza usiku tumelala ni rafiki au adui?

Tatu, mlio wake. Analia kwa sababu ileile inayomfanya jogoo awike: kutafuta mwenzi na kuwaambia wengine kwamba hapa pana mwenyewe. Hajui ndani ya nyumba kuna nani.

Hapo najua kuna atakayeniuliza, "Kama ni hivyo, mbona husikika hasa mtu anapokuwa mgonjwa?" Swali ni zuri, nami nililifikiria sana. Jibu langu ni hili. Mtu mzima wa afya, akishakula ugali wake na sukuma wiki, hulala. Ndege analia mpaka asubuhi na hakuna anayemsikia. Lakini kukiwa na mgonjwa, nyumba nzima inakesha. Mmoja anachemsha maji, mwingine anashika kichwa, wote wako kimya wanasikiliza pumzi za mgonjwa. Ndipo wanaposikia ndege. Ndege hakuja kwa sababu ya mgonjwa. Ni sisi tuliokuwa macho kwa sababu ya mgonjwa. Na mgonjwa akipona, tunasahau kwamba ndege alilia. Akifa, tunakumbuka. Kwa hesabu ya namna hiyo, hata kriketi anayelia ukutani angeweza kushtakiwa.

Tena tusidhani ni Waafrika peke yetu tunaomwogopa. Yapata miaka 2,300 iliyopita Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, aliandika kwamba ndege huyu huja usiku kunyonya maziwa ya mbuzi, na kwamba mbuzi aliyenyonywa hukauka kiwele na kuwa kipofu. Mtu mwenye akili kama yule! Wazungu waliamini jambo hilo kwa karne nyingi, na mpaka leo jina lake la kisayansi kwa Kilatini ni Caprimulgus, maana yake mkamua mbuzi. Ukweli ni kwamba wadudu huwafuata mifugo, na ndege hufuata wadudu. Wachungaji waliona mdomo mpana karibu na mbuzi, wakatoa hukumu bila shahidi.

Jambo la kushangaza ni kwamba aina ile ya Ulaya huhama. Kila mwaka baridi ikikaribia huko kwao, huruka maelfu ya kilomita kuja Afrika, na baadhi yao hupita au kukaa hapa Kenya mpaka Machi au Aprili. Yaani ndege yuleyule, akiwa Ulaya ameshtakiwa wizi wa maziwa, akifika kwetu anajikuta katika ukoo unaoshtakiwa kuua. Na muda wote huo yeye amekula nondo tu.

Nako kusini mwa Afrika kuna aina mojawapo, ambayo pia iko katika misitu ya Pwani yetu, na watu wa huko husema mlio wake ni sala, kwamba anamwomba Mungu atuokoe. Huku tunasikia sanda, kule wanasikia sala. Basi maneno hayako kooni mwa ndege. Yako masikioni mwetu, na kila mtu anasikia kile alichokwenda nacho kitandani.

Sasa nigeukie upande wa pili. Yeye hatuui, bali sisi tunamuua, wala si kwa mawe tu. Mitaa yetu ya Eastlands haikuanza jana. Umoja na Dandora zilijengwa miaka ya 1970, Kayole ikafuata, na kabla ya hapo sehemu hizi zilikuwa nyasi na miiba kama Mbuga ya Nairobi ilivyo mpaka leo. Watu ni lazima wapate mahali pa kulala, na mimi nalala katika nyumba mojawapo, kwa hivyo silaumu. Lakini kila ploti inayojengwa Njiru, Ruai, Mihang'o na Utawala inampunguzia yeye mahali pa kutagia, kwa sababu yeye hatagi juu ya mti wala juu ya paa, anataga chini kwenye ardhi wazi.

Halafu kuna barabara. Lami hubaki na joto baada ya jua kuzama, na ndege huyu hupenda kukaa barabarani usiku. Barabara ya Kangundo na ile ya kuzunguka mashariki ya mji zina magari usiku kucha. Gari likija na taa kali, yeye hukaa tu mpaka dakika ya mwisho. Mwaka wa 1990, huko Ethiopia katika nyika za Nechisar, watafiti waliokuwa safarini walikuta ndege wa jamii hii amekufa barabarani. Waliweza kuhifadhi bawa moja tu. Bawa hilo lilipochunguzwa, halikufanana na la ndege yeyote aliyejulikana, na mwaka wa 1995 ikatangazwa kwamba ni aina mpya kabisa, ikapewa jina la Kilatini lenye maana ya bawa pekee. Mimi niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu. Aina nzima ya kiumbe iliingia katika elimu ya wanadamu kwa bawa moja lililookotwa njiani. Je, sisi Njiru tumechoma nini bila kuangalia?

Wapo watakaosema, "Wewe ni mtoto wa Kidato cha Tatu, unadharau mila za wazee. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." La hasha, sidharau. Yule mama wa Pwani ni mtu ninayemheshimu, na ndiye aliyenifundisha jina la ndege huyu, ambalo singelipata kwingine kwa urahisi. Wanafunzi wengi wa mjini hatujui majina ya ndege kwa Kiswahili. Kila kitu kinachoruka tunakiita "hiyo ndege". Kwa hivyo jina tulihifadhi, tena kwa furaha, kwa sababu ni jina zuri lililotungwa na mtu aliyesikiliza kwa makini. Ninachokataa ni hukumu. Jina linaeleza sauti yake. Halithibitishi kosa.

Tena nawaambia wanaosema imani hii haina madhara kwa mtu: hesabuni. Tulichanga shilingi 2,400 tukampa bwana wa dawa. Pesa hizo ni nauli ya matatu ya kwenda hospitali na kurudi mara nyingi. Matibabu ya TB katika hospitali za serikali hayalipiwi, ni bure, na dawa humezwa kwa muda wa miezi sita mpaka mtu apone. Vidudu vinavyoleta ugonjwa huo vimejulikana tangu Machi 24, 1882, siku ambayo Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alivitangaza huko Berlin. Ndiyo maana tarehe hiyo ni Siku ya TB Duniani. Kwa hivyo adui wa mzee alikuwa anajulikana kwa jina zaidi ya miaka 140, na sisi tulikuwa nje na tochi tukimtafuta ndege. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi hatukuyaficha, lakini tuliyatafuta mahali pasipo.

Na mambo hayakuishia kwa mzee. TB hupita hewani mtu anapokohoa, hasa katika chumba kimoja chenye dirisha lililofungwa. Baada ya mazishi, wahudumu wa afya walikuja kwenye ploti, tukapimwa sote tulioishi karibu naye. Mimi na Mama na ndugu zangu tulikuwa salama. Mjukuu wa mzee, aliyekuwa akilala chumba kimoja naye, akapatikana nayo. Alimeza dawa miezi sita bila kukosa, na bibi yake alikuwa akimsimamia kila siku. Sasa amepona na anacheza winga katika timu yetu ya mtaa. Wakati wa miezi hiyo sita, kipasuasanda mwingine alikuja uwanjani akawa analia usiku. Alilia, na mtoto akapona.

Kwa hayo yote, napendekeza mambo matatu, na naomba Chama chetu kiyachukue.

La kwanza, tusimpige mawe. Sisi wanafunzi ndio hutumwa kazi hiyo, kwa sababu watu wazima wanaogopa kwenda gizani. Tukikataa sisi, hakuna atakayeenda. Kukataa kwa adabu si utovu wa nidhamu.

La pili, Chama cha Kiswahili kishirikiane na Chama cha Wanyamapori cha shule yetu. Vyama vya Wanyamapori nchini vilianza mwaka wa 1968, lakini hapa shuleni huonekana kama ni kazi ya wale wa Bayolojia tu. Sisi wa Kiswahili tuna kazi pia: tuwaulize wazazi na nyanya zetu majina ya ndege, wadudu na miti, tuyaandike katika jarida hili kila mwaka. Ukijua jina la kitu ni vigumu zaidi kukirushia jiwe bila kufikiri.

La tatu ndilo kubwa zaidi. Wazee wetu walisema kipasuasanda akilia kuna mgonjwa. Mimi nasema, basi na iwe hivyo, tuitumie imani hiyo vizuri. Ukimsikia usiku, usitafute tochi wala jiwe. Uliza swali moja: nani anakohoa humu ndani, na amekohoa kwa muda gani? Kama amekohoa wiki mbili au zaidi, asubuhi mpeleke akapimwe. Kama tungefanya hivyo usiku ule wa kwanza aliolia, yule ndege angekuwa ametuokolea mtu. Alitupa nafasi hiyo kwa wiki kadhaa mfululizo, bila malipo, nasi tukampa jiwe.

Siku hizi ninapofanya masomo ya usiku mezani kwetu, stima zikipotea huwa natoka nje kidogo. Chumba cha mzee kina mpangaji mwingine sasa. Ndege akilia, Mama huniita kutoka ndani, "Wewe, unafanya nini huko nje na huyo ndege?" Humjibu kwamba nasikiliza tu. Zamani angenivuta ndani. Mwezi uliopita alitoka yeye mwenyewe, akasimama kando yangu na leso yake mabegani, tukasikiliza mpaka akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe si mbaya sana."

Hapo ndipo kalamu yangu inapofika tamati. Mshtakiwa wangu hana hatia. Wenye makosa tunajulikana, na mmoja wao ndiye aliyewaandikia haya.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu